Taya Limevimba, Meno Yanacheza: Usikimbilie Kung'oa

Limfoma ya Burkitt ni nini?
Ni saratani inayovimbisha taya la mtoto. Huanzia kwenye seli B, chembe nyeupe za damu zinazotengeneza kingamwili. Dkt. Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958, akiwa Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza kirusi walichokiona kwenye seli za uvimbe huo, ndicho kirusi cha Epstein-Barr (EBV).

Meno ya mtoto yanacheza. Nimpeleke akang'olewe?
Hapana. Jino bovu huwa na tundu, na huuma. Hapa meno mazima hulegea kwa pamoja kwa sababu uvimbe umekula mfupa unaoyashika. Ukiyang'oa, uvimbe unabaki palepale. Watoto wanafika wodini na mapengo matatu, shavu lina chale za wembe zilizopakwa majani, na uvimbe sasa umesukuma jicho nje. Tafadhali, wazazi: msing'oe, msimchanje kwa wembe.

Kirusi kinaingiaje?
Kwa mate. Karibu watoto wote wa Uganda hukipata wakiwa wadogo, na wengi mno hawapati saratani. Saratani yenyewe haiambukizi; msimtenge mtoto.

Basi protini za kirusi zinafanya nini kwenye jeni?
EBNA1 huifunga DNA ya kirusi kwenye kromosomu za seli, ili seli ikigawanyika kirusi kisipotee. EBNA3A na EBNA3C hunyamazisha jeni ya BIM, ile inayoiamuru seli yenye hitilafu ijiue. Ukimya huo waweza kudumu hata protini hizo zikishazimwa. Malaria ya mara kwa mara nayo huzichochea seli B zigawanyike, na hapo DNA hukatika na kuungwa vibaya: jeni ya MYC huhama kutoka kromosomu ya 8, mara nyingi hadi ya 14, karibu na jeni za kingamwili zisizolala. MYC ikiwaka hivyo, seli hugawanyika bila breki, na ile amri ya kujiua haipo.

Tumalize kwanza dawa za kienyeji wiki mbili?
Hapana, hata wiki moja. Seli hizi zinaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Uvimbe wa Jumatatu si wa Ijumaa.

Duka la dawa limetupa prednisoloni na uvimbe umepungua.
Utarudi. Dawa hiyo huufanya unywee kwa muda na kuvuruga majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachopimwa. Nendeni vilevile, na mseme alichomeza.

Twende wapi?
Kituo cha afya kiwape rufaa leo: Taasisi ya Saratani Mulago, hospitali ya Lacor kule Gulu, au ya Mbarara. Watachukua kinyama, damu na maji ya uti wa mgongo, na kupiga picha ya tumbo. Atawekewa maji mengi ya mshipa, kwani seli zikifa kwa wingi huumiza figo, kisha dawa za saratani: siklofosfamidi, vinkristini na methotreksati. Uvimbe hunywea ndani ya siku chache, na hapo ndipo wazazi wanatoroka na mtoto. Msitoroke! Dozi zote zikamilike.

Miguu yake imekosa nguvu, au hakojoi?
Huenda uti wa mgongo umebanwa. Msingoje asubuhi, hata kwa bodaboda, ondokeni usiku huohuo.