Je, wajua? Python ikikisahau kitu cha C, chenyewe kinabaki

Ukiunda klasi ya Python ya kufunika kitu cha maktaba iliyoandikwa kwa lugha ya C, kisha ukafuta kitu ulichokitengeneza kwa klasi hiyo, memori ya kile cha C inaachiliwa? Kwa muda mrefu nilijibu ndiyo, tena kwa kujiamini. Python si inajifagilia yenyewe? Inajifagilia, ila uwanja wake tu. Niliumbuka usiku mmoja nyumbani Sinza: programu yangu ilifungua picha moja baada ya nyingine kupitia maktaba ya C, kila moja nikiifuta kwa del, na memori ikazidi kupanda mpaka mashine ikaganda.

Chukua stoo ya Kariakoo. Umeweka marobota ya vitenge, ukapewa risiti. Kitu cha klasi yako ni hiyo risiti: ndani yake mna namba tu, anwani ya mahali C ilipoweka mzigo. Python huhesabu ni wangapi wameishika, wakiisha, huichana. Marobota yako palepale, na mwenye stoo hajaambiwa kitu. Ni lazima klasi yenyewe iite funksheni ya maktaba inayoutoa mzigo.

Ukitoa fotokopi ya risiti, yaani vitu viwili vya Python vyenye anwani ileile, ni balaa jingine. Wawili wakidai mzigo uleule, mara nyingi programu nzima huzimika, bila hata ujumbe wa kosa wa Python. Au nafasi imeshapewa mtu mwingine, nawe unapekua marobota yake ukidhani yako.

Wengi huweka wito huo wa kutoa mzigo ndani ya __del__, ambayo Python huiita kitu kinapofutwa. Kwenye CPython, yaani Python ile ya kawaida, mara nyingi huitwa hesabu ikifika sifuri, ila haihakikishwi kwa vitu vilivyobaki programu inapofungwa. PyPy, Python ya aina nyingine, haihesabu risiti kabisa. Hufagia kwa wakati wake. Mimi hupenda with, inayofunga kitu mara tu sehemu yake ya msimbo inapoisha, na weakref.finalize ya Python 3.4 (2014), inayoita funksheni ya kusafisha kitu kikifutwa, kama akiba.

Kioja ninachokipenda kiko kwenye ctypes, moduli ya Python ya kuita funksheni za C, iliyoingia Python 2.5 mwaka 2006. Usipoiambia kitu, huchukulia kuwa funksheni ya C inarudisha namba ya kawaida ya biti 32. Kwenye mashine ya biti 64, anwani inakatwa nusu. Ikitokea anwani ni ndogo, kila kitu kinakwenda sawa, kwa hiyo hushtuki. Ukiweka restype (aina ya kinachorudishwa) kuwa c_void_p, yaani anwani, unarudishiwa anwani nzima, lakini kama namba tupu ya Python. Ukiipeleka kwa funksheni nyingine bila kuandika argtypes (aina za vinavyopelekwa), inaweza kukatwa tena mlangoni.