Kukata bondi hakutoi nishati, jamani

Kukata bondi, yaani ule mshiko wa atomu na atomu, hakutoi nishati. Hakutoi hata kidogo, hata kwenye petroli. Naandika kwa sababu wiki hii nimelisikia tena, na safari hii si mtoto wa fomu foo, ni mtu mzima aliyesomea mambo haya, ananieleza kwa upole ati gesi ya mtungi ina nishati imefungiwa ndani ya bondi, ukiiwasha bondi zinakatika, nishati inatoka. Nikamuuliza, sasa mbona mtungi ukivuja jikoni usiku kucha gesi haiwaki yenyewe mpaka ipate cheche? Akasema aah, hiyo ni nishati ya kuanzishia. Haswa! Na ya kuanzisha nini kama si kuzilegeza hizo hizo bondi? Akanyamaza, halafu akaagiza chai nyingine.

Bondi ipo kwa sababu atomu mbili zikishikana zina nishati ndogo kuliko zikiwa mbali mbali. Basi. Kuzitenganisha lazima ulipe. Nenda ufuoni maji yamekupwa ubandue chaza kwenye mwamba, jasho linakutoka wewe, hakuna chaza aliyebanduka akampa mtu nguvu. Haidrojeni kwa haidrojeni inataka kilojuli 436 kwa moli (fungu moja la chembe kwa kipimo cha kemia) ndio iachane, klorini kwa klorini kama 242. Zote ni za kulipa, hamna ya bure.

Joto linatoka pale atomu zinaposhikana upya. Mtungi wetu una propani na butani lakini nachukua methani hesabu isije ikalala hapa. Kukata: kaboni-haidrojeni nne za 413, oksijeni mbili za 498, jumla 2648. Kujenga: kaboni-oksijeni za hewa ukaa mbili za 805, oksijeni-haidrojeni nne za 463, jumla 3462. Umetoa 2648 ukarudishiwa 3462, kilichobaki ni 814 na hicho ndicho kinachochemsha maharage.

Sasa kinachonikera zaidi, kuliko hata hilo kosa lenyewe, ni kwamba sifa zote anapewa gesi na hakuna anayemtazama oksijeni. Hebu rudi kwenye zile namba. Oksijeni imeshikana kwa bondi pacha lakini nguvu yake ni 498 tu, ukigawa kwa mbili unapata 249, yaani chini hata ya kaboni na kaboni zilizoshikana kwa bondi moja, ambayo ni kama 347. Ni mshiko dhaifu! Kuuvunja ni rahisi kiasi, na hao oksijeni wakishakwenda kwa kaboni na haidrojeni wanashikwa kwelikweli, tofauti hiyo ndiyo moto. Klaus Schmidt-Rohr wa Chuo Kikuu cha Brandeis kule Marekani aliliandika vizuri mwaka 2015: kila moli ya oksijeni inayotumika kuunguza inatoa takriban kilojuli 418, kitu unachounguza hakibadilishi sana. Jaribu mwenyewe. Moli moja ya mkaa inakula moli moja ya oksijeni, joto lake 394. Methani moli mbili, unatarajia 836, iliyopimwa ni 890. Propani moli tano, unatarajia 2090, iliyopimwa 2220. Si sawasawa kabisa lakini kwa hesabu ya kufanyia kichwani nani analalamika? Na naitrojeni, ambaye ni karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta hapa Mombasa, bondi yake ni 945, kwa hiyo kumuunganisha na oksijeni kunakula joto badala ya kutoa, na nashukuru, la sivyo kiberiti kimoja tu kule Likoni na habari yetu imekwisha.

Je, tuseme basi nishati iko kwenye oksijeni? Hapo nasitasita. Siku nyingine darasani nasema ndiyo ili watoto washtuke, siku nyingine nasema ni ya wote wawili kwa pamoja, gesi na oksijeni, kwa sababu peke yake hakuna anayewaka. La pili naona ni sahihi zaidi, ila halikai kichwani mwa mtu.

Na kuna jingine vitabu vinalipitia haraka. Ile 814 yangu ukiipima kweli, maji yakiwa mvuke, unapata 802. Mvuke huo ukigeuka maji unarudisha joto lake, ndipo inafika ile 890. Lakini 814 na 802 zinatofautiana kwa nini? Kwa sababu 413 ni wastani. Haidrojeni ya kwanza kuitoa kwenye methani inataka 439, ya mwisho inataka 338, halafu sisi tunamwandikia mtoto namba moja kana kwamba imeshuka kutoka mbinguni.

Walimu wa baiolojia msinichukie, lakini ATP yenu, ile molekuli inayobeba nishati ndani ya seli, imechangia kosa hili. Mwaka 1941 mwanabiokemia Fritz Lipmann aliandika kuhusu bondi za fosfeti zenye nishati kubwa, akazichorea kile kialama cha wimbi, na watu wakaelewa ati bondi imejaa nishati kama ilivyo. Zile kilojuli 30.5 za kila moli ya ATP zinapatikana kwa sababu maji yanaingia, bondi mpya zinajengwa, na chaji hasi zilizokuwa zinasukumana zinapata nafasi. Ni hesabu ile ile.

Kuna na wale wanaoamini kila kinachotokea chenyewe lazima kitoe joto. Hata Berthelot, Mfaransa mkubwa wa kemia, alilitetea karne ya 19. Chukua glasi ya maji mililita 100, tia gramu 20 za ammonia naitreti, koroga. Joto linashuka zaidi ya digrii 10, na kwa unyevu wetu huu wa pwani glasi inatokwa jasho nje kabla hujamaliza kukoroga. Hakuna aliyeilazimisha iyeyuke.

Ile ya kuunguza ethanoli chini ya kopo la maji, ambapo kitabu kinasema kilojuli 1367 kwa moli na darasa zima linapata kama nusu, nitaiandika nikipata muda, maana wezi wa hilo joto ni wengi.