Je, wajua kwa nini chura akilazwa chali hutulia tuli?

Mweke chura chali juu ya meza kisha mwachie papo hapo: atajipindua na kuruka zake. Mlaze tena, safari hii mshikilie kwa sekunde 10 hadi 20 mpaka aache kufurukuta, halafu ondoa mkono polepole. Mara nyingi atabaki pale pale, hatikisiki, utadhani amekufa. Hapo siri inaanza kujitokeza: kulala chali peke yake hakutoshi. Kinachomgandisha ni kushikwa akakosa pa kuponyokea, na kupinduliwa huongeza nguvu tu. Mijusi na mamba wadogo hupatwa na hali hiyohiyo, na hata kuku.

Wengi husema damu imemjaa kichwani. Sivyo. Mnyama aliyelazwa chali yuko mlalo, kichwa na moyo viko karibu usawa mmoja. Tena kuku hugandishwa vizuri tu akilazwa ubavu. Wala si usingizi, na kumpapasa mjusi tumbo hakumbembelezi.

Ndani ya sikio la kila mnyama mwenye uti wa mgongo kuna viungo vya mizani vinavyojua upande wa juu ni upi. Chura akipinduka, viungo hivyo hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na misuli humgeuza bila yeye kufikiri. Akiwa ameshikwa na hofu imempanda, mwitiko huo wa kujigeuza huzuiwa. Misuli hukakamaa, mapigo ya moyo na pumzi hubadilika, lakini masikio na macho yanaendelea kufanya kazi. Ushahidi mzuri ulitoka kwa kuku katika miaka ya 1970: waliowekwa mbele ya mwewe aliyekaushwa waliganda muda mrefu zaidi, na mnyama anayeshikwa mara kwa mara huganda muda mfupi. Kadiri hofu inavyopungua, ndivyo anavyozinduka mapema.

Faida yake? Porini, anayejikuta chali na amebanwa huwa tayari yuko mdomoni au kuchani mwa adui. Kufurukuta humfanya adui akaze meno. Kutulia humfanya alegeze, pengine amtue chini. Nchini Marekani, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1975, mbweha wekundu walipewa bata 50, na 29 kati yao walinusurika walipokamatwa mara ya kwanza. Karibu wote waliganda mara tu walipoumwa.

Usichanganye hali hii na ya rinkhals, nyoka wa kusini mwa Afrika aliye jamaa ya fira. Yeye hujilaza chali mwenyewe, mdomo wazi, bila kushikwa na mtu.

Kobe naye hagandi; hupapatika mpaka achoke. Mapafu yake yako juu, chini ya gamba la mgongoni, hivyo akiwa chali viungo vingine huyalemea. Akiachwa hivyo juani hufa. Ukimkuta, mgeuze mara moja.

Kama unalazimika kukagua tumbo la chura au mjusi, mikono iwe na maji safi, isiwe na sabuni wala losheni, kwa sababu ngozi ya chura hunyonya kwa urahisi vitu vingi inavyogusa. Mjusi usimbane mbavu: hana kiwambo cha kupumulia kama chetu, hupumua kwa kutanua mbavu zenyewe, na ukizibana anakosa hewa. Mkia usiushike, unaweza kukatika. Kwa chura, tazama koo. Likipanda na kushuka, anapumua, maana hewa huisukuma mapafuni kwa sakafu ya mdomo. Na usidhani ganzi imemwingia: maumivu anaweza kuyasikia, hivyo kidonda kisichokonolewe. Fanya kazi karibu na ardhi, juu ya kitambaa kilicholowa, kwa kuwa huzinduka ghafla, baada ya sekunde chache au dakika kadhaa, na kitu cha kwanza anachofanya ni kuruka.