Mto ukitulia, msitu unazeeka

Juzi nilikuwa kwenye kikao hapa Malindi, chai hata haijafika, bwana mmoja akasimama na ile hoja yake: msitu wa mtoni una miti ya kila namna kwa sababu maji hayakauki, kwa hiyo tukiyazuia mafuriko, mto ukatulia, msitu utanenepa. Akapigiwa makofi. Mimi nikanyamaza kwa adabu, maana ni mkubwa wangu kwa umri. Leo sinyamazi.

Maji yana haki yake, hilo nalimaliza upesi. Kule Tana ya chini, mto ninaouzungumzia, mvua ya mwaka haifiki milimita 600. Mkuyu hauishi kwa mvua hiyo, unaishi kwa maji yanayopenya ardhini kutoka mtoni. Ukiuacha ukingo kilomita chache tu unajikuta nyikani, migunga na mikoma. Sawa.

Lakini hayo yanaeleza kwa nini msitu upo. Kwa nini una aina nyingi ni swali jingine kabisa, na hapa ndipo watu wananichosha. Ingekuwa maji peke yake yanatosha, mifereji ya mashamba ya umwagiliaji ya Bura, kando ya Tana, ingekuwa imezungukwa na msitu. Nendeni mkaone kilichoota: mathenge, kile kichaka cha miiba cha kigeni.

Aina zinaletwa na mto usiotulia. Tana haiendi moja kwa moja, inajipinda. Upande wa nje wa kona inakula ukingo na kuangusha miti, upande wa ndani inatua mchanga na tope. Hilo tope jipya, tupu, bichi, lenye jua, ndilo kitanda cha uzazi cha mkuyu na cha popula wa Tana, ndugu wa ile miti ya Ulaya inayochongewa njiti za kiberiti. Mbegu zao ni ndogo mno, hazina akiba ya chakula ya kuvumilia giza. Chini ya kivuli cha mama yao haziendi popote. Hakuna mafuriko, hakuna tope jipya. Hakuna tope jipya, hakuna watoto. Na sisi wa Malindi tope tunalijua vizuri: mto wetu, Sabaki, ukifurika, bahari inakuwa rangi ya chai ya maziwa na wenye hoteli wananuna.

Baadaye ukingo unainuka, miti ya kivulini inaingia. Kona nyingine inakatwa na kubaki kiziwa chenye umbo la mwezi mchanga, udongo wa mfinyanzi, maji yanasimama wiki baada ya wiki na mizizi mingi inakosa hewa. Mkindu unavumilia. Tofauti ya kimo kati ya sehemu hizo mbili inaweza isizidi goti. Goti! Unatembea hatua hamsini, hujapanda kilima chochote, na orodha yako ya miti imebadilika karibu yote.

Ndiyo maana nakasirika mtu anapopima kipande kimoja chini ya miti mikubwa, akahesabu, akatangaza "utajiri" wa msitu. Kipande kimoja mara nyingi si tajiri hivyo. Utajiri uko katika vipande kutofanana: hiki kipya, kile kikongwe, kile kilichozama mwaka jana, kile ambacho hakijazama miaka mingi. Mto ukitulia, kila kipande kitaelekea kuwa kama jirani yake, na bado kwa mbali utaona kijani na kusifu. Mkuyu mkubwa unaoupiga picha leo unakwambia habari za mafuriko ya zamani. Hali ya sasa iulize miche. Francine Hughes, aliyeuchunguza msitu wa Tana miaka ya 1980, alikuwa tayari ameufungamanisha mpangilio wa miti na kimo cha ardhi na mafuriko. Huko juu kwenye Tana, Bwawa la Masinga lilikamilika 1981, Kiambere 1988. Mabwawa hukata vilele vya mafuriko na kumeza tope. Jumlisheni wenyewe.

Sasa niungame. Tunapenda kufundisha kwamba mafuriko ya wastani ndiyo yanayoleta aina nyingi zaidi, mengi mno yanazamisha, machache mno yanakaribisha nyika. Mchoro wake ni mzuri, kama kilima. Vipande vya msitu nilivyovipima mimi havitii kila mara. Kimoja kati ya vilivyonipa aina nyingi kilikuwa juu, kikavu, nilikidharau siku niliyokipima. Tena Wapokomo wamelima kingo hizo vizazi kwa vizazi, maembe na ndizi zao zimo humo humo, na pale napopata miche michache siwezi kuapa kwamba ni bwawa na si panga. Umri nao ni shida: miti yetu mingi haina pete za mwaka za kutegemea, kwa hiyo nikisema "huu uliota kabla ya Masinga" nakadiria kwa unene, na unene hudanganya.

Na msiniambie tupande miche. Kitalu kinaleta mwarobaini safu kwa safu, kimo kimoja, umri mmoja. Hilo ni shamba.

Maji yakishuka narudi kwenye fungu la mchanga chini kidogo ya Garsen kuhesabu vijikuyu nilivyoviona msimu uliopita. Mara ya mwisho mbuzi walinitangulia.