Sakafu za mbao zilizopishana: yasemwayo, na yaliyoko chini yake

Ghorofani kwa bibi yangu, mtaa wa Mkomani, Lamu, sakafu ni ya mbao. Baina ya sebule na chumba chake palipishana kimo kwa unene wa kidole gumba, na kila alfajiri akienda kutawadha alijikwaa papo hapo. Kila mgeni alikuwa na dawa yake. Dawa nyingi zingeibomoa nyumba.

“Mwaga saruji juu, yaishe.” Hii ndiyo inayoniumiza zaidi. Saruji na mchanga wa unene wa sentimita 5 huwa na uzito wa kama kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Chumba cha mita 3 kwa 4 kitabebeshwa zaidi ya tani moja, juu ya boriti ambazo hazikuwekwa kwa mzigo huo. Isitoshe, mbao hutanuka masika na kunywea kiangazi. Saruji haiwezi kuifuata, hupasuka. Unyevu nao hunaswa chini, mbao ikaoza bila mtu kujua.

“Mbao ikishakauka haichezi tena.” Hucheza maisha yake yote, hasa kwa upana, kwa urefu ni kidogo mno. Acha nafasi ya kama sentimita moja kando ya ukuta, uifiche kwa ubao wa pembeni.

“Upande ulio juu ndio wenye kosa, upige randa.” Nusura tufanye hivyo. Ubao wa sakafu una unene wa milimita ishirini na kitu; ukiuparua tano au sita umeudhoofisha, na randa itakutana na vichwa vya misumari. Tulimwomba seremala ang’oe ubao mmoja kwanza. Chini tulikuta kichwa cha boriti, pale kinapoingia ukutani, kimekuwa cheusi. Bisibisi ilizama kama kwenye papai lililoiva. Birika la bafuni, yaani hodhi la maji, lilikuwa likivuja ndani ya ukuta wa matumbawe miaka mingi, na sebule ndiyo iliyoshuka. Chumba cha bibi, tulichokiona kimeinuka, hakikuwa kimesogea hata chembe.

Tuliziba birika, tukaacha ukuta ukauke, ndipo boriti mpya ikawekwa ubavuni mwa ile ya zamani. Sakafu ilipandishwa kwa jeki kutoka chini, milimita chache kila siku, maana ukiharakisha lipu hupasuka. Palipobaki mabonde tulitia kabari nyembamba za mbao ngumu juu ya boriti, mbao zikarudishwa kwa skrubu. Kabari ya kadibodi au ya plaiwudi laini haifai: hubonyea, na baada ya muda sakafu huanza kulia.

“Jicho la fundi latosha.” Jicho hudanganywa na ukuta usionyooka, na kuta za Lamu hazijanyooka. Pimamaji ni nzuri kwa masafa mafupi, lakini haipiti kona ya mlango. Chukua mpira wa maji unaoonyesha ndani, ujaze, toa mapovu yote. Mmoja ashike ncha sebuleni, mwingine ncha ya pili chumbani. Maji yakitulia, kila mtu atie alama ya penseli ukutani. Kisha pima kwenda chini mpaka sakafuni, kila kona na katikati. Hapo utajua kilichoshuka ni nini.

“Kila palipoinuka ni kasoro.” La. Katika nyumba za mawe za kale kuna msana wa tini na msana wa yuu, yaani kumbi mbili ndefu, ya chini na ya juu; majina yenyewe yanasema. Kutoka uwanjani kuelekea ndani mtu hupanda hatua kwa hatua, na wazee walizipanga hatua hizo makusudi. Usizisawazishe. Tena Mji wa Kale uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo waulize watu wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya kabla ya kufungua chochote.

Kwa bibi zilibaki milimita 8. Seremala alichonga ubao wa mvule wenye mteremko, upana wa sentimita 10, akauweka mlangoni. Skrubu alizitia upande wa chumba tu, ili mbao za sebule zibaki huru kutanuka masika yakija.