Je, wajua kwa nini ndege za vita zilipitia Greenland kwenda Uingereza?

Ramani ya ukutani hudanganya. Chukua chungwa, weka kidole kwenye Marekani yako ya kubuni na kingine kwenye Uingereza, zote upande wa juu, kisha kaza uzi kati yake. Uzi utapanda kuelekea kikonyo. Dunia nayo ni hivyo: njia fupi kati ya nchi hizo mbili hupinda kaskazini, kwenye baridi.

Ila ufupi ni nusu tu ya jibu. Nusu ya pili ni mafuta.

Mwanzoni mwa Vita Kuu ya Pili, ndege ambazo Uingereza ilizinunua Marekani zilisafirishwa kwa meli, na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zikizivizia. (Sheria ya Marekani ya kutoegemea upande ilikuwa kali kiasi kwamba baadhi hazikuruhusiwa kurushwa hadi Kanada: zilitua mpakani, Pembina, zikavutwa ardhini kuvuka mpaka!) Wengi waliamini Atlantiki ya kaskazini haivukiki kwa ndege majira ya baridi. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1940, ndege saba aina ya Hudson ziliondoka Gander, kwenye kisiwa cha Newfoundland upande wa mashariki wa Amerika Kaskazini, zikiwa na matanki ya ziada. Waliojua kusoma njia kwa nyota walikuwa wachache, kwa hiyo wengine waliambiwa wamfuate Don Bennett, rubani kutoka Australia. Mawingu yaliwatawanya gizani. Asubuhi zote saba zilikuwa Ireland ya Kaskazini.

Hudson iliweza kuruka zaidi ya kilomita 3,000 bila kutua. Ndege ndogo ya kivita kama P-38 haikuweza. Ikabidi ivuke bahari kama mtu avukaye mto kwa kurukia mawe: Goose Bay huko Labrador, Narsarsuaq huko Greenland, Reykjavik huko Iceland, kisha Prestwick, Scotland. Kila mruko ulikuwa wa kilomita 1,200 hadi 1,400 hivi.

Jiwe baya kuliko yote lilikuwa Greenland. Uwanja wa Narsarsuaq, ambao Wamarekani waliuita Bluie West One, umejificha ndani kabisa ya mkono wa bahari uliobanwa na milima. Ukiingia mkono usio wako chini ya mawingu, mbele ni ukuta wa mwamba.

Julai 15, 1942, P-38 sita na ndege kubwa mbili za mabomu aina ya B-17 zilinaswa na hali mbaya ya hewa, mafuta yakakaribia kuisha, zikatua juu ya barafu ya Greenland yenyewe. Watu wote 25 waliokolewa. Ndege zikaachwa, theluji ikazifunika mwaka baada ya mwaka. Mwaka 1992 P-38 moja ilichimbuliwa zaidi ya mita 80 chini ya barafu, na mwaka 2002 ikaruka tena. Mwaka 2007 ilijaribu kumalizia ile safari ya Uingereza, injini ikaleta hitilafu, ikaishia Goose Bay.