Maji ya Kikafu hayapotei

Juzi nilikuwa kwenye Coaster nikitoka Arusha kurudi Moshi. Tulipofika daraja la Kikafu, mzee aliyeketi mbele yangu akachungulia dirishani. Mto ulikuwa umejaa, maji rangi ya chai ya maziwa. "Ona mali inavyopotea baharini," akasema. "Wangejenga bwawa hapa, umeme usingekatika." Gari zima likaitikia.

Maneno hayo nimeyasikia misibani, kwenye vikao vya harusi, hata kwa viongozi waliokuja kuzindua visima. Safari hii sikuweza kunyamaza. "Mzee wangu, shikamoo. Bwawa lipo, lilijengwa miaka ya 1960. Maji haya yanaingia mto Kikuletwa, kisha bwawa la Nyumba ya Mungu." Akanitazama kama nimemtukana.

Kwanza umeme. Nyumba ya Mungu inatoa megawati 8. Mtambo mmoja tu wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji ni megawati 235, na iko tisa. Kazi kubwa ya Nyumba ya Mungu ni kutunza maji ya masika ili vituo vya umeme vya Hale (megawati 21) na New Pangani Falls (megawati 68), chini zaidi kwenye mto Pangani, visikose maji kiangazi. Ongeza perege, ongeza maji ya bomba yanayovutwa kutoka bwawani kwenda Mwanga na Same. Faida hizo ni za kweli, na aliyewahi kukaa gizani kwa mgao hawezi kuzidharau.

Lakini bwawa haliongezi maji hata ndoo moja. Linachukua maji ya Aprili na kuyapeleka Septemba, na kwa kazi hiyo linajikatia ujira wake kila siku. Ujira huo ni mvukizo, na hapa ndipo watu hawataki kunisikiliza.

Kituoni kwetu, tunakopima mvukizo, tuna sufuria ya bati, kipenyo kama sentimita 120, kina sentimita 25, imewekwa juu ya fremu ya mbao. Kila siku saa tatu asubuhi tunapima maji yameshuka kiasi gani. Sufuria hupata joto haraka kuliko bwawa, kwa hiyo kipimo tunakizidisha kwa 0.7. Sufuria ikipungua milimita saba, bwawa tunalihesabia kama tano. Milimita tano ni kitu cha kupima kwa ukucha. Sasa zitandaze juu ya bwawa ambalo likijaa lina kilomita za mraba zipatazo 140: ni mita za ujazo 700,000 kwa siku moja, sawa na mita za ujazo nane kila sekunde, usiku na mchana, zinazopaa hewani bila kuzungusha mtambo wala kunywesha mbuzi. Hayo ndiyo maji yanayopotea.

Na ile 0.7 yenyewe siiamini sawasawa. Ni wastani wa vipimo vya sehemu nyingi, na upepo mkavu wa nyika unaopiga uso wa bwawa lile kila mchana si upepo wa kila mahali. Vitabuni hutumika kama amri. Mimi naitumia kwa sababu sina nyingine.

Tuje kwenye "baharini bure". Mto ukidhoofu, bahari haisubiri. Mlangoni mwa Pangani maji ya chumvi hupanda mtoni, na wenye minazi na mashamba ya mpunga wanaijua chumvi hiyo kwa hasara. Wamisri walipofunga Nile kwa Bwawa Kuu la Aswan, dagaa wa pwani yao waliokuwa wakilishwa na rutuba ya mafuriko walipungua vibaya. Kamba wa delta ya Rufiji nao wanaishi kwa mto.

Kwetu walioumia kwanza ni watu wa kinamasi cha Kirua, chini ya bwawa. Zamani masika yalimwagika huko kila mwaka: kambare wakazaliana, matete yakaota, na maji yalipojitoa mifugo ikapata majani kiangazi kizima. Malango ya bwawa yalipoanza kutoa maji kwa kipimo sawa mwaka mzima, mto ukabaki ndani ya kingo zake na kinamasi kikanywea.

Kwa miaka mingi nimetetea wazo kwamba masika yakiwa mazuri malango yafunguliwe makusudi, Kirua ipate mafuriko yake. Bado nalitetea. Ila nilipokwenda kulieleza huko, mama mmoja alinichukua hadi shambani kwake, mahindi yameshafika kifuani, nyumba ya matofali pembeni, wajukuu wanacheza uani. "Hapa ndipo maji yalikuwa yanapita," akaniambia. "Tumehamia yalipoacha kuja. Sasa mwanangu, ukiyarudisha, sisi utatupeleka wapi?" Nilikuwa na ramani mkononi, na kwenye ramani ile nyumba yake haikuwepo.